Je, Kuna Kifo Kidogo?



Wengi wenu mnalijua lile daftari la misiba la kanisa letu, lenye jalada gumu jeusi, ambalo nimekuwa nikiliandika kwa miaka kadhaa. Mtu wa ushirika wetu akifariki, naandika humo jina lake, siku aliyofariki, siku ya maziko, mtumishi aliyehubiri, na mchango uliotoka katika kila bloku. Siyo kazi kubwa. Nilidhani naifanya vizuri.

Mwanzoni mwa mwaka huu mama mmoja alikuja kwangu jioni akaniomba nimtafutie tarehe aliyozikwa mtoto wake. Mtoto yule aliishi siku kumi na moja tu. Mama alikumbuka kwamba ilikuwa wakati wa mvua na maharagwe yalikuwa yametoa maua, lakini tarehe ilikuwa imempotea, naye alitaka kila mwaka siku hiyo afunge na kuomba. Nikafungua daftari, nikapekua, mwisho nikauona mstari wenyewe. Niliandika kwamba ni mtoto wa mama fulani, nikaweka namba 1, nikaandika "amezikwa." Ni hayo tu. Hapana jina, hapana mhubiri, hapana mchango, hata tarehe hapana. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa mzee aliyefariki juma lilelile akiwa amepita miaka themanini. Wahubiri watatu, kwaya mbili, mahindi, maharagwe, makaa, sukari na pesa, mpaka nikalazimika kugeuza upande wa pili. Mwandiko wa kurasa zote mbili ni wangu.

Mama yule hakunilaumu. Aliuliza tu kwa upole, "Mwalimu, huyu wa kwangu hakuhesabiwa?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku ile swali lake limenifuata, na ndilo nataka tulitafakari pamoja. Je, kuna kifo kidogo na kifo kikubwa? Umri wa marehemu, na hali ya maisha aliyokuwa nayo, vina haki gani ya kupima machozi yetu?

MANENO TUNAYOSEMA MATANGANI

Tusikilize kwanza maneno yetu wenyewe. Akifariki mzee, tunasema ameshiba siku, tusilie sana, tumshukuru Mungu. Watu wanajaa, chakula kinapikwa, machozi ni machache. Akifariki kijana, tunasema amekatwa kama mti mbichi, na hata wapita njia wanalia. Akifariki mtoto mchanga, tunamwambia mama yake, "Nyamaza, utazaa mwingine," na saa mbili baadaye wanaume wanne wamekwisha kurudi kutoka makaburini na jembe. Akifariki mgonjwa wa siku nyingi, au mtu aliyezaliwa na ulemavu mkubwa, tunasema amepumzika.

Kwa hiyo mizani tunazo, hata kama hatujaziandika popote. Moja inapima miaka ambayo marehemu aliishi, na hiyo inampa mzee heshima ya watu wengi. Nyingine inapima miaka ambayo marehemu angeishi, na hiyo inampa kijana machozi mengi. Mtoto wa siku kumi na moja mizani zote mbili zinamkosa. Hakuishi vya kutosha kuwa na watu, na tumaini lake lilikuwa bado halijaonekana kwa mtu yeyote isipokuwa mama yake. Na mgonjwa wa siku nyingi tunampima kwa mizani ya tatu, kwamba maisha yake yalikuwa na raha kiasi gani, kisha tunatoa hukumu kwamba kifo kimemfaa.

Sitaki kusema kwamba mizani hizi ni za uongo mtupu. Wazazi wetu walizaa watoto wengi na kuzika wengi, na ile desturi ya kumzika mtoto mchanga haraka haraka ilikuwa pia njia ya kumlinda mama asivunjike, maana kesho yake alipaswa kushika jembe. Kulia kidogo siyo lazima kuwe kupenda kidogo. Tena ni kweli kwamba kifo cha mtoto kinachukua vitu ambavyo kifo cha mzee hakivichukui. Mzee amekwisha kuoa au kuolewa, amezaa, amelima, amegombana na kupatana. Mtoto amenyang'anywa hayo yote kabla hajayaonja. Mtu anayesema vifo hivi viwili ni sawa kwa kila jambo hajawahi kusimama kwenye kaburi fupi.

USIKU WA MPONDWE

Sisi ambao tuliingia nchi hii kwa njia ya Mpondwe, tukavuka daraja la mto Lhubiriha na virago kichwani, tukalala usiku wa kwanza Bwera, hatuwezi kulizungumza jambo hili bila kukumbuka usiku wa tarehe 16 Juni 2023. Waasi wa ADF waliingia katika shule ya sekondari ya Lhubiriha, mahali ambapo kutoka hapo unaiona Kongo kwa macho. Bweni la wavulana waliliteketeza kwa moto na wanafunzi wakiwa ndani. Wasichana waliojaribu kukimbia walikatwa kwa mapanga. Watu zaidi ya 40 walikufa usiku ule, wengi wao wanafunzi, na vijana wengine walichukuliwa mateka.

Wahenga walisema kifo cha wengi harusi. Methali hiyo haikufaa kitu wilayani Kasese juma lile. Uganda nzima ililia, na sisi hapa kambini tulilia kama tuliofiwa nyumbani, maana ni mkono uleule uliotufukuza Beni na Eringeti. Na kilio chetu chote kilikuwa juu ya umri wao. Tulisema: walikuwa na madaftari mbele yao, wangekuwa waalimu, wauguzi, wachungaji.

Lakini nataka tukumbuke mambo mawili juu ya msiba ule.

La kwanza, miili mingine iliungua hata haikutambulika, ikabidi serikali ichukue vipimo vya DNA kutoka kwa wazazi ili ijulikane ni nani mtoto wa nani. Wazazi wakasubiri. Sasa fikiri, ndugu msomaji. Vijana wale walikuwa karibu wa umri mmoja, wa shule moja, wenye matumaini yanayofanana. Kama uchungu wa mzazi ungekuwa ni juu ya miaka iliyopotea tu, mwili wowote ungetosha, maana miaka iliyopotea ni ileile. Hakuna mzazi aliyetaka mwili wowote. Kila mmoja alimtaka wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na anachokijua ni kwamba aliyemlilia ni mtu mmoja ambaye hana wa kumbadilisha, hata kama angewekewa mbele yake kijana mwingine mwenye miaka sawa na akili kuliko wake.

La pili, usiku ule hawakufa wanafunzi peke yao. Walikufa pia mlinzi wa shule na wakazi wengine wa mji. Habari zilipotufikia zilisema "wanafunzi", na sala zetu zilisema "wanafunzi". Nami niliomba hivyo hivyo mbele ya kanisa. Ni baada ya siku nyingi ndipo nilipogundua kwamba katika maombi yangu sikuwa nimemtaja yule mlinzi hata mara moja. Naye alikuwa na nyumba aliyotoka jioni ile akisema, "Tutaonana asubuhi."

FAMILIA MOJA, VIFO VINNE

Miaka minne kabla ya hapo, palepale Bwera, kulitokea msiba mwingine ambao unatupima vizuri zaidi. Ilikuwa wakati wa Ebola ya Kivu Kaskazini, ule mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ukiwa umeua watu 2,287. Familia moja ilivuka kwenda Kongo kumuuguza babu. Babu akafariki kwa Ebola. Familia ikarudi Uganda mwezi wa Juni 2019, na mtoto wa miaka 5 akaanza kutapika damu. Alipelekwa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa Bwera kwenye kituo cha wagonjwa wa Ebola. Tarehe 11 Juni ilithibitishwa kwamba ni Ebola, mgonjwa wa kwanza wa mlipuko ule katika ardhi ya Uganda. Alifariki. Nyanya yake, wa miaka 50, akafariki. Mdogo wake wa miaka 3 akarudishwa Kongo pamoja na jamaa, naye akafariki huko.

Babu, nyanya, mtoto wa miaka mitano, mtoto wa miaka mitatu. Haya, ndugu msomaji, chukua mizani yako upime. Utamlilia yupi zaidi?

Wengi watasema, watoto. Na mimi moyo wangu unakwenda huko kwanza. Lakini angalia lile neno "nyanya" linavyotudanganya. Tukisikia nyanya tunaona mtu aliyemaliza safari, kumbe miaka 50 ni umri wa mwanamke anayelima shamba lake mwenyewe na kubeba wajukuu mgongoni. Tukisikia babu tunasema ameshiba siku, kumbe huyo babu alikuwa mtu ambaye watu wa nyumba yake walivuka mpaka kumwuguza, wakati habari za Ebola zilikuwa zimeenea kila mahali. Hakuna anayevuka mpaka hivyo kwa ajili ya mtu ambaye kifo chake ni kidogo.

Na kuna jambo jingine. Katika Ebola maziko yote yalikuwa sawa. Mtoto na mzee, mwenye mali na maskini, wote waliwekwa katika mfuko wa namna moja, wakabebwa na watu waliovaa nguo zilezile za kujikinga, na jamaa wakasimama mbali. Tulichukia maziko yale, na tulikuwa na sababu, maana hatukumwosha mtu wetu wala kumgusa. Lakini naona kwamba katika uchungu ule kulikuwa na fundisho ambalo hatukulitaka. Mtoto wa miaka mitatu alizikwa kwa uangalifu uleule wa mkubwa. Hakuna aliyesema, "Huyu ni mdogo, wanaume wanne wanatosha."

WATAALAMU NAO WALIPIMA

Msidhani ni sisi watu wa kambi tu tunaopima. Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti juu ya afya ya dunia, na ndani yake ilitumia hesabu ya kupima hasara ya magonjwa na vifo kwa miaka ya maisha yenye afya inayopotea. Hesabu yenyewe ilikuwa na nia njema, kuzisaidia serikali zijue pesa ziende wapi. Lakini katika hesabu ile mwaka mmoja wa maisha haukuwa na thamani moja kwa watu wote. Mwaka wa mtu wa miaka kama 25 ulihesabiwa kuwa mzito kuliko mwaka wa mtoto mchanga, na kuliko mwaka wa mzee. Sababu waliyoitoa ni kwamba kijana ndiye anayefanya kazi na kuwategemeza wengine. Watu wengi walibishana nao, na katika utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2012 uzito huo wa umri uliondolewa. Mwaka wa maisha ukawa mwaka, uwe wa nani.

Natoa mfano huu kwa sababu unaonyesha mahali mizani inapotufikisha. Ukianza kwa kupima machozi, hukawii kupima dawa. Nitarudi kwenye jambo hili.

DAUDI, YAKOBO NA BARZILAI

Maandiko yanasemaje? Watu wengi wanapotaka kumnyamazisha mama aliyefiwa na mtoto mchanga wanamtaja Daudi (2 Samweli 12). Mtoto wake alipokufa, Daudi aliinuka, akaoga, akabadili nguo, akala. Basi, wanasema, mtoto mdogo halilii mtu.

Lakini someni tena sura ile taratibu. Kabla ya hapo mfalme wa Israeli alilala chini siku saba, hakula, wazee wa nyumba yake wakajaribu kumwinua akakataa. Alifanya hayo kwa ajili ya mtoto mchanga ambaye Maandiko hata jina lake hayakutupa.  Tena mtoto alipokufa, Daudi hakumwambia Bathsheba anyamaze. Imeandikwa kwamba alimfariji. Kumfariji mtu na kumnyamazisha ni mambo mawili, na sisi mara nyingi tumefanya la pili tukaliita la kwanza.

Daudi huyohuyo alimlilia Absalomu, mtu mzima, mwasi aliyetaka kumwua baba yake, akamlilia mpaka jeshi likaona aibu kwa ushindi wake. Hapo hata maisha mema hayakuwa kipimo.

Na Yakobo je? Alikufa na miaka 147. Macho yake yalikuwa yamekwisha kufifia, alikuwa mgonjwa kitandani, wanawe wote walikuwa hai na amewabariki mmoja mmoja. Kama kuna mtu aliyeshiba siku, ni yeye. Pamoja na hayo Wamisri walimlilia siku 70, na Yusufu akamfanyia matanga siku saba nyingine njiani kwenda Kanaani (Mwanzo 50). Hakuna aliyemwambia Yusufu, "Baba yako alikuwa mzee, furahi tu."

Yupo na Barzilai Mgileadi (2 Samweli 19). Huyu alikuwa na miaka 80. Mfalme alipomwalika Yerusalemu, alijibu kwamba hawezi tena kuonja ladha ya chakula wala kusikia sauti za waimbaji, na kwamba atakuwa mzigo tu. Alijipima mwenyewe akajiona mwepesi. Daudi hakumbishia juu ya masikio yake wala ulimi wake, maana mzee alisema kweli. Alimbusu, akambariki. Hata siku za mwisho wa maisha yake alimwagiza Sulemani awatendee wema wana wa Barzilai. Hali ya maisha ya mzee yule ilikuwa imepungua, lakini yeye mwenyewe mbele ya Daudi hakuwa amepungua.

"AMEPUMZIKA" NI NANI?

Hapa lazima niseme habari yangu mwenyewe, maana nisipoisema nitakuwa nahubiri nikiwa nimejificha.

Mama yangu mzazi aliugua kiharusi, akalala miaka minne. Tulimgeuza, tukamlisha kwa kijiko, tukamfulia. Mwaka wa mwisho hakututambua. Alipofariki, nilisimama mbele ya watu nikasema, "Mama amepumzika." Watu wakaitika, "Amina." Usiku, watu walipokwisha lala, dada yangu mkubwa aliniuliza polepole, "Amepumzika yeye, ama tumepumzika sisi?"

Nilikasirika. Baadaye nikaona kwamba dada yangu alisema kweli. Nilikuwa nimechoka, na nilipumua. Kupumua si dhambi. Aliyemwuguza mtu miaka minne na akapumua siku ya mwisho hana haja ya kutubu kwa sababu hiyo. Kosa langu lilikuwa kuchukua mapumziko yangu na kuyaweka katika kinywa cha mama. Nilisema maisha yake yalikuwa yamekwisha thamani, kumbe nguvu zangu ndizo zilizokwisha. Na kwa sababu nilisema hivyo, nilijizuia kulia. Ilinichukua karibu mwaka mzima, siku moja nikiwa shambani nikasikia mwanamke akiita kuku wake kwa sauti kama ya mama, ndipo kilio kikanitoka. Sikumlilia yule mgonjwa wa miaka minne peke yake. Nilimlilia mama aliyenifundisha kusoma kwa kunionyesha herufi kwenye gunia la chumvi. Ugonjwa ulikuwa umeniziba nisimwone.

Basi, mgonjwa wa siku nyingi anapofariki tunaweza kumshukuru Mungu kwamba maumivu yamekwisha. Hiyo ni haki. Lakini tusichanganye mambo. Maumivu yakiisha ni jambo la kushukuru. Mtu akiondoka ni jambo la kulia. Yote mawili yanaweza kukaa katika moyo mmoja siku moja.

VILIO VIWILI NDANI YA KILIO KIMOJA

Naamini sasa kwamba tunapolia tunalia mambo mawili. Tunalia alichopoteza marehemu, na tunalia marehemu mwenyewe. Alichopoteza kina kipimo. Kijana wa Lhubiriha alipoteza mengi kuliko mzee wa miaka tisini, na si dhambi kulisema. Hapo umri una haki yake, na hali ya maisha ina haki yake. Lakini marehemu mwenyewe hana kipimo. Mtu si jumla ya miaka yake wala ya raha zake. Ayubu alirudishiwa kondoo mara mbili, kutoka 7,000 hadi 14,000, lakini watoto alipewa wengine kumi tu, kama wale wa kwanza. Nadhani ni kwa sababu kondoo huhesabika, na watoto kumi wa kwanza hawakufutika katika hesabu ya baba yao hata waliposhuka kaburini.

Ndugu zetu Wakonjo wa Kasese na Wanande wa Beni na Butembo wanalijua jambo hili katika majina yao. Ukikutana na Masereka upande huu, au Kasereka upande ule, unajua ni mtoto wa kiume wa tatu. Huulizi kama wale wawili waliotangulia wako hai. Wakifa wote wawili wangali wadogo, Masereka hapandi kuwa wa kwanza. Anabaki Masereka mpaka uzeeni, na kila anayemwita anakiri bila kujua kwamba kuna wawili waliokuwako kabla yake. Jina lake linawahesabu wafu. Daftari langu la misiba halikufanya hata hivyo.

HATARI YENYEWE

Mtu anaweza kuuliza, "Mwalimu, haya ni maneno ya machozi tu, yanatusaidia nini sisi tunaohangaikia mgao na kuni?" Jibu langu ni hili. Yule ambaye kifo chake tumekiona chepesi, hukawii kumwona maisha yake pia ni mepesi, angali anaishi.

Nimeona hapa kwetu mzee akishikwa na homa, na watu wa nyumba wakasema, "Ni uzee." Kijana akishikwa na homa ileile, wanakodi boda boda usiku mpaka kituo cha afya. Malaria ni moja. Nimeona mtoto mlemavu akifichwa nyuma ya nyumba siku ya kuandikishwa, eti hatafika mbali. Nimeona mama aliyefiwa na mtoto mchanga akipewa siku mbili, kisha wenzake wakamshangaa kwa nini hacheki. Hakuna aliyetaka ubaya. Tumezoea tu mizani yetu, na mizani inaanza kazi kabla ya kifo.

Bwana wetu alipolia kaburini kwa Lazaro, Yohana hakutuambia Lazaro alikuwa na miaka mingapi. Tumetafuta, hakuna. Tunaambiwa tu kwamba Yesu alimpenda.

TUFANYE NINI

Naleta kwenu mambo matatu, na wazee wa kanisa wameniruhusu niyaandike.

Kwanza, kila anayefariki katika ushirika wetu, awe wa siku moja au wa miaka mia, aandikwe jina lake. Mtoto ambaye hajapewa jina, wazazi waulizwe walikuwa wamwite nani, na kama hawataki kusema, iandikwe tarehe na majina yao. Kila maziko mtumishi mmoja awepo, na neno la Mungu lisomwe, hata kama watu ni watano.

Pili, wamama wa kanisa na mashemasi waliache lile neno "utazaa mwingine". Huenda atazaa, na tumwombee azae. Lakini huyo mwingine atakuwa mwingine. Akae naye mtu mmoja, amsaidie kuteka maji, ajue kunyamaza.

Tatu, wanaouguza wazee na wagonjwa wa siku nyingi tuwatembelee wangali wanauguza, tuwashike zamu hata usiku mmoja kwa juma. Mwuguzaji aliyesaidiwa hatakuwa na haja ya kungoja kifo cha mtu wake ndipo apumue.

Tumaini la ufufuo halitukatazi kulia. Paulo aliwaandikia Wathesalonike wasihuzunike kama watu wasio na tumaini. Hakuwaambia wasihuzunike kabisa, wala hakuwapangia umri.

Kuhusu yule mama, tulikaa tukahesabu pamoja. Kwa maziko ya yule mzee yaliyokuwa na tarehe, na kwa kukumbuka kwake kwamba jembe la kaburi lilikuwa bado na udongo wa kaburi la mzee, tuliipata siku yenyewe. Nikamwuliza jina la mtoto. Alinyamaza kidogo, kisha akalitaja, na akasema tangu siku ya maziko hakuna mtu aliyemwuliza. Sitaliandika hapa, kwa sababu aliniomba liwe katika daftari tu. Nimeliandika humo, kwa herufi za ukubwa uleule wa jina la mzee.

Bwana awafariji wote waliofiwa mwaka huu. Amina.